Saba ya Uru

Mzee alibaki na karata tatu mkononi na hakuwa na haraka hata kidogo. Jirani yake wa kushoto keshamwaga mfalme mezani, mfalme mwekundu wa uru, wengine wawili washatupa takataka zao, imebaki zamu yake tu. Akaguna. Akanyanyua mkono mpaka usawa wa kofia, akaibamiza saba ya uru juu ya mfalme, pah, alafu akazizoa zote nne kwa kiganja kama anayefuta makombo ya mkate.

"Kamla!" nikapiga kelele.

Kwa Kiswahili.

Katikati ya Lisbon, bustani ya Estrela, saa nne asubuhi, mwanamke mwenye mtandio na mkoba mgongoni anawapigia kelele wazee wanne wasiomjua. Wote wakageuka. Nikataka ardhi inimeze lakini wapi.

Nimerudi nyumbani wiki ya saba sasa na watu wananiuliza picha za majengo, mi nawaambia subirini, kuna jambo silimalizi kichwani. Limeanzia kwenye hiyo saba, likashuka mlima mpaka kwenye kabati la kioo, likaja kuishia kwenye meseji ya maneno matatu ya ami yangu. Nikishaliandika hapa labda nitalala.

## Saba haimli mfalme

Kama umejifunzia karata mabwenini huko au kwenye simu, hujaona ajabu yoyote hapo. Ngoja nikwambie. Saba kumla mfalme si kitu cha kawaida. Kwenye karata za watu wengi duniani saba ni kapuku tu, inakaa chini ya nane, na mfalme anakaa karibu na juu kabisa.

Ila kwetu Wete, Pemba, saba inamla mfalme. Kwenye mchezo wetu, wahedi wa sitini, ree (ile ya A) ina alama 11, saba 10, mfalme 4, ghulamu 3, bibi 2, vilivyobaki ni vya kutupa. Ukijumlisha zote unapata 120, kwa hiyo atakayefika 61 keshashinda, na jina la mchezo ndo limetoka hapo. Bibi kuwa chini ya ghulamu ni jambo nililolilalamikia tangu nina miaka saba na babu alikuwa akinijibu "mie sikuzitunga".

Sasa fikiria umesimama Ulaya, hujui neno lao hata moja zaidi ya obrigada, na unaangalia wazee wanacheza mchezo wa nyumbani kwenu. Si unaofanana. Wenyewe. Wanauita sueca, wanacheza na karata 40 kwa sababu wanabakiza zile karata za namba mbili ambazo sisi tunazitoa tunabaki na 36, lakini 11 ni 11 na 10 ni 10 na bibi vilevile kakandamizwa chini ya kijana.

Mie babu alinifundishia ukumbini wakati wa masika, mvua inagonga mabati na wenzake hawawezi kuja. Barazani nilikuwa nakaa pembeni yake namshikia kahawa. Nilipofika darasa la sita bibi akasema basi, mtoto wa kike haketi barazani na wanaume, na nikaacha, wala sikulia, nilihamia dirishani tu nikawa naangalia kwa nyuma ya pazia. Kwa hiyo ile kelele ya "kamla" ilikuwa na miaka ishirini na kitu imekaa kooni.

Mzee mmoja akasogea kwenye benchi akapigapiga nafasi aliyoiacha, nikakaa.

## Orush, kopash

Yule wa kofia alikuwa na Kiingereza cha kuokoteza. Aliniuliza "Moçambique?" nikasema hapana, Tanzania, Zanzibar. Akasema "Freddie Mercury". Sawa, tuishie hapo.

Nikamwonyesha karata moja moja nikimwambia kwetu inaitwaje. Moyo, nikasema kopa. Akasema copas, ila kwa mdomo wao ni kopash. Maua, nikasema pau. Paush. Wakaanza kuangaliana. Ile nyeusi ya mwisho nikasema shupaza na hapo mzee mwingine akaweka karata zake chini kabisa, kwa sababu wao wanaandika espadas lakini watu wa Lisbon herufi ya mwanzo wanaimeza, wanasema shpadash. Shpadash, shupaza. Yaani sikio la Mswahili fulani karne ya kumi na sita lilisikia sawasawa na sikio langu.

(Fulani kwao ni fulano, kwa taarifa yako, wote tumelitoa kwa Waarabu. Hata ile "hata" yetu wanayo, wanasema até. Waarabu walikaa mji ule mpaka 1147 na mtaa wa Alfama bado unabeba neno lao, al-hamma, chemchemi ya maji moto. Siku mbili za mwanzo nilikuwa natembea nasoma vibao kama mtu anayeona viatu vyake vimevaliwa na mtu mwengine.)

Ikabaki nyekundu ya pembe nne. Nikasema uru.

"Ouros," akasema. Orush.

Nikamuuliza ouro ni nini. Maana kopa nilishaelewa ni kikombe, pau ni gongo, shupaza upanga. Hakulikumbuka kwa Kiingereza. Akahangaika, akashika pete yake ya ndoa akaivuta aniletee karibu, na pete haikutoka, kidole kimeshavimba kwa uzee, ikabidi asogeze mkono mzima mpaka mbele ya pua yangu anagonga ile pete kwa ukucha. Ouro. Ouro.

Dhahabu.

Babu yangu maisha yake yote alikuwa akisema dhahabu kwa Kireno na sidhani kama alijua.

Na ree je, nikauliza, nikamwonyesha ile ya A. Wakacheka. Kwao rei ni mfalme, sio hiyo. Kwa hiyo neno lilivyofika kwetu lilipandishwa cheo likawekwa juu ya mfalme mwenyewe. Nani alifanya hivyo sijui lakini ninamheshimu.

## Kaburi lisilosema

Nirudi nyuma kidogo, maana siku moja kabla ya hapo nilikwenda Belém kama kila mtalii anavyokwenda. Tramu namba 15, foleni, jua, vile vikeki vya mayai na maziwa ambavyo duka lao linavipika tangu 1837 na mezani wanakuwekea mdalasini wa kunyunyizia mwenyewe. Mie Mpemba nimekaa nanyunyiza mdalasini Belém. Viungo ndo vilivyowatoa kwao hawa watu. Nilicheka peke yangu na sukari ikaniingia puani.

Kanisa la Jerónimos unaingia bure na kaburi la Vasco da Gama liko mlangoni tu. Nilijiandaa kwa ajili ya kaburi hilo. Ndani ya ndege nilishapanga nitakachomwambia, karibu hotuba nzima, kuhusu Mombasa, kuhusu Kilwa, kuhusu meli ya mahujaji aliyoichoma baharini 1502. Nikasimama mbele yake. Jiwe jeupe, amelala mikono kaikutanisha kifuani, kamba za meli zimechongwa vizuri mpaka unataka kuzishika.

Sikuhisi kitu.

Alifia Cochin huko India mwaka 1524, na hapo alipo wamemleta 1880, hata hilo jiwe lenyewe la karne ya kumi na tisa. Mbele yangu wanafunzi wa skuli wanasukumana, nyuma yangu mtu ananiomba nimpige picha. Nikampiga. Nikajipiga na mie. Kwenye picha natabasamu.

Kilichonigusa kilikuwa jengo la pembeni, kwenye makumbusho ya mambo ya bahari, malaika wa mbao. Anaitwa Rafael, alikuwa kwenye meli ya jina lake katika ile safari ya kwanza, na Januari 1499 wakati wanarudi kutoka India mabaharia walikuwa wamekufa wengi mno kwa kiseyeye, waliobaki hawatoshi meli tatu, basi meli ya Rafael wakaichoma moto huku kwetu, upande wa Tanga. Malaika wakamhamisha. Kisha wakapita Unguja, wakaenda zao. Nikamwangalia yule wa mbao nikawaza huyu kapita mlangoni kwetu. Hapo kidogo moyo ulitikisika, ila nilijiambia ni njaa.

## Herufi tano

Sasa turudi Estrela. Niliaga wazee, nikashuka kwa miguu mtaa wa Lapa kuelekea mtoni. Miguu inauma, vilima vya Lisbon havina huruma na mawe yao meupe yanateleza hata bila mvua. Niliingia makumbusho ya sanaa za kale, Janelas Verdes, kwa sababu moja tu. Nilisikia bustani yao ina viti na unaona mto Tejo. Sina cha kuongeza kwenye nia yangu.

Tiketi nimeshalipa, nikasema nipitepite kwanza.

Kwenye chumba kimoja kuna kabati la kioo na ndani yake kitu cha dhahabu, urefu sentimita 73, kama mnara wa kuchongwa na mtu ambaye hakuambiwa aache. Wakatoliki wanakiita monstransi, ndo chombo wanachowekea ekaristi watu waione. Mitume 12 wamepiga magoti kuzunguka duara, kila mmoja mdogo kama kidole gumba na kila mmoja ana uso wake, rangi za enameli zinang'aa, juu yao njiwa mweupe ananing'inia. Chini kwenye kitako ndege na maua. Kazi ya Gil Vicente, alimfanyia mfalme Manuel wa Kwanza, ikaisha 1506.

Nilipenda. Niseme ukweli, nilipenda kabla sijasoma kibao. Mie si Mkristo na sielewi nusu ya kilichomo mle lakini uzuri ni uzuri, nilizunguka lile kabati kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Alafu nikaona kitako chake kina maandishi, yanazunguka ukingo mzima, herufi kubwa za enameli. Nikachuchumaa. U wanaiandika kama V. Nikasoma OVRO, nikajiambia aa, hii naijua, nimefundishwa leo hii na pete ya mzee. Uru. Nikaendelea kusogea na maandishi nikiwa nimechuchumaa, mlinzi akanisogelea, hakusema kitu, akasimama tu.

DAS PARIAS DE QILVA.

Q, I, L, V, A.

Nikasoma mara tatu. Kama umewahi kusikia jina lako linaitwa kwenye stendi ya mji usioujua, ndo hivyo. Nikasoma kwa sauti na mlinzi akaitikia "Quíloa, sim". Kilwa. Dhahabu ya kodi ya Kilwa.

Hii habari wengine mnaijua, kwenye historia ya skuli tulipitishwa haraka haraka. Vasco da Gama alirudi mara ya pili 1502, safari hii na kundi la meli na mizinga, akaingia bandari ya Kilwa akamwambia amiri Ibrahim ulipe au nichome mji. Ibrahim akalipa, mithkali 1,500 za dhahabu. Miaka mitatu baadaye Mreno mwengine, Almeida, akaja akauteka mji vilevile na kujenga ngome, kwa hiyo kulipa hakukumsaidia Ibrahim. Lakini tulipofundishwa nilidhani ile dhahabu ilikwenda kama vitu vyote vinavyokwenda, ikayeyuka. Kumbe ipo. Imekaa kwenye kabati imewashiwa taa. Na mfalme kaandika chini kabisa imetoka wapi, kama anayetoa risiti.

Nilipiga picha, nikaituma kwenye grupu la familia palepale, nimechuchumaa bado. Nikaandika: "Dhahabu yetu hii!!"

Mioyo ikamiminika. Binamu zangu wakaandika wezi wakubwa, irudishwe, shangazi akaandika mashaallah.

Ami akaandika: "Yetu na nani?"

## Yetu na nani

Ami yangu si mtu wa kuandika sana. Akiandika ujue kafikiri. Nikatoka bustanini nikakaa kwenye kile kiti nilichokifuata, mto uko pale, daraja jekundu, meli za watalii, na kahawa yangu ikapoa.

Kwa sababu kweli. Yetu na nani?

Mie ni mtu wa Wete. Kilwa nimefika mara moja, na boti tuliyovukia kwenda Kisiwani ilinitapisha. Mpemba na Kilwa ya 1502 wana nini, zaidi ya bahari na dini na lugha? Nikajibu mwenyewe, bahari na dini na lugha si haba. Haya.

Lakini hiyo dhahabu Kilwa hawakuichimba. Kilwa haina dhahabu. Ilitoka bandari ya Sofala, Msumbiji ya leo, na Sofala nako ililetwa kutoka bara, nyanda za juu za Zimbabwe, na watu walioingia mashimoni kuitoa hakuna aliyewaandika majina kwenye kitako cha chochote. Kilwa ilikuwa inakaa mlangoni inatoza ushuru. Yule msafiri Ibn Battuta alipita 1331 akausifu mji na akamsifu sultani kwa ukarimu, watu wanamwita Abul Mawahib, mtoa zawadi, na hapohapo anasimulia sultani huyo anavyokwenda kuwavamia watu wa bara na kurudi na ngawira. Zawadi zilitoka wapi basi.

Kwa hiyo nilipoandika "yetu" nilikuwa nimejiweka kwenye mnyororo wa watu wanaopokonyana, na nimechagua pete ya katikati, ile inayonifaa.

Alafu upande mwengine nikajiambia acha kujitesa. Kwamba Kilwa nayo ilitoza haimfanyi Vasco kuwa mgeni mwema. Mtu akikupora sokoni, swali la pesa umezipataje haliwi lake yeye. Na ni mfalme huyuhuyu Manuel, na hili nililikuta jioni nikisoma hotelini, ambaye mwaka 1515 aliagiza lichimbwe shimo la kutupia maiti za watumwa kwa sababu walikuwa wanaachwa tu njiani. Mtaa bado una jina, Rua do Poço dos Negros, shimo la weusi. Tramu 28 inapita jirani na hapo. Asubuhi ile niliyopanda kwenda Estrela tulipita karibu, mitaa myembamba, watalii wote simu madirishani na yangu ikiwemo. Ninayo video. Ninasikika nikisema "jamani kuzuri".

Mwaka 1506, ule ule wa chombo, mji huohuo uliwaua Wayahudi wake siku tatu mfululizo, ilianzia kanisa la São Domingos. Pana jiwe la kumbukumbu uwanjani. Mbele ya jiwe hilo ndo wanakokutana watu wa Guinea-Bissau siku hizi, mama mmoja anauza kola kwenye beseni, nilimtolea salamu aleykum akaniitikia kwa furaha akanipa moja bure, chungu kama dawa ya malaria. Niliila yote kwa adabu.

Irudishwe? Wiki saba nageuza hili. Siku nyingine nasema ndiyo, bila mjadala, iwekwe Kilwa Kisiwani waje waione huko na wao watapike kwenye boti. Siku nyingine nasema ikirudi itarudi na mitume 12 mgongoni, na kile tulichochukuliwa hakikuwa na mitume, ilikuwa dhahabu tupu, kwa hiyo utarudisha nini hasa? Utawayeyusha mitume? Nikiwaza hivyo naona aibu, kwa sababu nilivyozunguka lile kabati mie sitaki wayeyushwe.

Na neno je. Uru tumekaa nalo miaka mia tano, hakuna aliyedai lirudishwe.

## Ami

Wiki iliyopita nilipata siku nne nikavuka Pemba. Kwenye mkoba nilikuwa na boksi la karata, nilizinunua duka la magazeti pale Estrela, euro chache. Wao mfalme hawaandiki K, wanaandika R.

Baada ya isha ami akanikuta uani. Sio barazani, uani, lakini alikuja mwenyewe na mkeka.

"Shikamoo Ami."

"Marahaba mwanangu. Hizo ndo za Ulaya?"

Akazifungua akazinusa. Akatoa nane, tisa, kumi, na mbili, bila kuangalia, vidole tu. Alipofika kwenye R akasimama.

"Hii ree?"

"Hapana Ami, huyo mfalme. Kwao rei ndo mfalme."

"Ree ni hii hapa." Akagonga A.

"Kwetu. Kwao ni hiyo nyengine."

"Basi wamekosea."

Akachanga. Zilikuwa mpya zinateleza, zikamwagika mkekani mara mbili, akazisema kwa maneno nisiyoweza kuyaandika hapa. Nikaona huu ndo wakati. Nikamwambia Ami, ile meseji yako ya grupu nimeifikiria sana, imeninyima usingizi, ile uliyoniuliza yetu na nani.

"Meseji gani?"

"Ile ya dhahabu. Nilipotuma picha."

Akafikiri. Akainua uso.

"Aa. Mie sikuvaa miwani. Niliona dhahabu, na wewe unasema yetu, nikadhani umechumbiwa huko."

Nilibaki namwangalia.

"Kwani hukuchumbiwa?"

"Sikuchumbiwa, Ami."

"Haya." Akagawa, tatu tatu, akafunua turufu akaiweka katikati. Uru. "Anza wewe."

Nilikuwa na mfalme, ule wa R, na sikuwa na pengine pa kutokea. Nikamtupa. Ami akanyanyua mkono taratibu mpaka usawa wa kofia.